Mbwa Akiziba Pua na Kupumua kwa Shida: Tazama Kwanza, Tibu Baadaye



Mbwa ni mlinzi wa zizi. Usiku ndiye anayekuamsha fisi anapokaribia, na mchana hufuatana na wachungaji malishoni. Akianza kukoroma, kupiga chafya au kutokwa makamasi, wengi husema ni mafua yatapita, au ni mzio wa vumbi. Mara nyingi hupita kweli. Lakini pua iliyoziba inaweza pia kuwa mwanzo wa ugonjwa unaomaliza mbwa wa kitongoji kizima, na ipo hali moja inayofanana na kukwamwa na mfupa ambayo huua hata binadamu. Kipeperushi hiki kinakueleza namna ya kutofautisha, nini ufanye nyumbani Inyonga na vijiji vyake, na lini umwite afisa mifugo.

USIINGIZE MKONO MDOMONI

Mbwa mwenye kichaa cha mbwa si lazima awe mkali na kuuma hovyo. Wengine hupooza koo na taya. Mdomo hubaki wazi, mate hutiririka, sauti hubadilika, maji hayamezeki, na mbwa huonekana kama ana mfupa kooni. Mwenye mbwa kwa huruma huingiza vidole autoe, mate yakaingia kwenye mchubuko wa mkono. Hapo ndipo mtu huambukizwa.

Ukimwona mbwa wa namna hiyo, hata kama ni wako na ni mpole, ondoa watoto, mfungie mahali bila kumshika, kisha toa taarifa kwa afisa mifugo. Mtu akiumwa, akikwaruzwa, au mate yakigusa kidonda, macho au mdomo, oshwe kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo na amalize chanjo zote atakazopangiwa. Usingoje kuona kama ataugua, kwa maana dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mara hufa.

MBWA MZIMA HUPUMUAJE?

Mbwa akiwa amelala kivulini, hesabu mara ngapi ubavu unapanda kwa dakika moja. Mbwa mzima hupumua kati ya mara 10 na 30. Akitoka kukimbia au jua likiwa kali atahema ulimi nje, kwa sababu hupoza mwili kwa kuhema na si kwa jasho. Hiyo si shida. Shida ni mbwa aliyepumzika mahali pa baridi na bado anapumua zaidi ya mara 40, anayenyoosha shingo na kutanua viwiko ili apate hewa, au anayeshindwa kulala ubavu.

Tazama pia fizi, ikiwa hakuhema kwa dalili za kichaa kama tulivyoeleza. Fizi nzuri ni za waridi. Zikiwa za buluu au kijivu, hewa haimtoshi na hiyo ni dharura. Zikiwa nyeupe, damu imepungua.

Wakati mwingine mbwa husimama ghafla, hunyoosha shingo na kuvuta hewa puani kwa mkoromo mkubwa mfululizo, kisha ndani ya dakika moja huendelea na shughuli zake. Hilo hutisha, lakini likitokea mara mojamoja halina madhara. Mtulize tu. Likirudi kila siku, mwonyeshe mtaalamu.

JE, NI MZIO?

Kwa binadamu, mzio huonekana sana puani. Kwa mbwa huonekana zaidi kwenye ngozi. Mbwa mwenye mzio hujikuna, hulamba na kutafuna nyayo, hutikisa masikio, manyoya hunyonyoka mgongoni karibu na mkia, na ngozi ya kwapa na tumbo huwa nyekundu. Sababu kubwa ni viroboto. Mbwa mwenye mzio wa viroboto husumbuka hata akiumwa na wachache.

Kwa hiyo mbwa akitoa makamasi mazito lakini hajikuni, usikimbilie kusema ni mzio. Tafuta sababu nyingine kwanza.

MOSHI NA VUMBI

Hapa kwetu hewa huchafuka kwa nyakati zinazojulikana. Kiangazi kuna vumbi na moto wa porini. Wakati wa kukausha tumbaku kuna moshi wa mabani. Na mwaka mzima kuna moshi wa jikoni na wa mavi ya ng'ombe yanayochomwa kufukuza wadudu zizini, ambako mbwa hulala karibu.

Mbwa aliyedhuriwa na moshi au vumbi hupiga chafya, hutoa maji meupe puani na machozi, lakini anakula, anacheza na hana homa. Mhamishie upande upepo unakotoka kwa siku tatu au nne. Akipata nafuu, umepata jibu bila kununua dawa.

NYUKI

Mlele ni nchi ya asali, na mbwa hupenda kunusa mizinga na mapango ya miti. Akichomwa na nyuki mmoja au wawili usoni, mdomo na kope huvimba, na kwa kawaida uvimbe hupungua wenyewe. Mwondoe karibu na nyuki, kwangua miiba kwa ukucha au mgongo wa kisu, kisha weka kitambaa cha maji baridi.

Akiwa amechomwa na nyuki wengi, au akianza kutapika, kulegea, fizi kuwa nyeupe au kukoroma kwa sababu koo limevimba, mpeleke kwa mtaalamu bila kuchelewa. Uvimbe wenye matundu mawili na maumivu makali uhesabu kuwa ni wa nyoka, nao pia hauna kusubiri.

TUNDU MOJA AU YOTE MAWILI?

Hili ni swali dogo lenye faida kubwa. Shika kioo au kipande cha bati safi mbele ya pua uone mvuke unatoka tundu lipi.

Uchafu au damu ikitoka tundu moja tu, mara nyingi kuna kitu ndani: mbegu ya nyasi yenye miba, kijiti, au ruba aliyeingia mbwa alipokunywa bwawani. Jino bovu la juu nalo huweza kutoa usaha tundu moja. Usichokonoe kwa kijiti wala waya, utakisukuma ndani zaidi. Kitu kinachoonekana nje kinaweza kuvutwa taratibu. Kingine ni kazi ya mtaalamu.

Uchafu ukitoka matundu yote mawili, fikiria moshi, vumbi au maambukizi. Damu ikitoka puani kwa mbwa mwenye kupe wengi, homa na fizi nyeupe, inaweza kuwa homa ya kupe, na hiyo ina dawa ikiwahiwa.

DISTEMPA

Huu ndio ugonjwa ambao huanza kama mafua na kuishia msibani. Mbwa hupata homa, macho na pua hutoa maji, kisha uchafu mzito wa njano. Hukohoa, hukataa chakula, huharisha. Siku au wiki kadhaa baadaye baadhi huanza kutetemeka misuli, kutafuna hewa na kupata degedege. Watoto wa mbwa hufa zaidi. Ugonjwa husambaa kwa kukohoa, kupiga chafya na kushirikiana vyombo. Hakuna dawa inayoua kirusi chake. Mtaalamu husaidia dalili tu. Kinga ni chanjo.

Distempa haimwambukizi binadamu, lakini haiishii kijijini. Mwaka 1994 iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye simba na mbwa mwitu, tunalo la kujifunza hapo.

Mbwa mwenye distempa aliyefikia degedege hafautishwi kirahisi na mwenye kichaa. Mchukulie kuwa ana kichaa mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

KIKOHOZI KIKAVU NA MBUNG'O

Mbwa anayekohoa kikavu kama anataka kutapika, lakini anakula na yuko mchangamfu, huenda ana kikohozi cha kuambukiza. Mtenge na wenzake. Kwa kawaida huisha ndani ya wiki moja hadi tatu. Usimfunge kamba shingoni, kwa kuwa hubana koo na kuongeza kikohozi, ipitishe kifuani.

Kwa kuwa tuko kwenye pori la mbung'o, mbwa mwenye homa inayokuja na kuondoka, anayekonda, uso umevimba na macho yamekuwa na ukungu wa buluu, apimwe nagana.

UNACHOWEZA KUFANYA NYUMBANI

Fanya haya kwa mbwa anayekunywa maji, anayekula na asiye na dalili za kichaa wala degedege.

1. Mweke kivulini, mbali na moshi na vumbi, na maji safi karibu.
2. Chemsha nusu lita ya maji, weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, acha yapoe hadi uvuguvugu. Lowesha kitambaa, lainisha na futa makamasi yaliyokauka mara mbili au tatu kwa siku. Nawa mikono kwa sabuni.
3. Mpe ugali laini wenye mchuzi wa vuguvugu usio na chumvi nyingi. Mbwa asiyesikia harufu hukataa chakula cha baridi.
4. Mtenge na mbwa wengine na umpe chombo chake.

USIFANYE HAYA

Usimpe vidonge vya mafua au vya maumivu vya binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni huharibu tumbo na figo za mbwa, paracetamol huweza kuharibu ini, na vidonge vya mafua vya mchanganyiko huweza kuupeleka moyo mbio.

Usimdunge dawa ya nagana ya ng'ombe kwa kukisia. Kwa mbwa, kipimo cha kutibu na cha kudhuru vimekaribiana, na akizidishiwa huathirika ubongo.

Usimpake dawa ya kupe iliyochanganywa kwa ajili ya ng'ombe. Baadhi yake humfanya mbwa atoe mate na ute mwingi, apumue kwa shida na kutetemeka. Ukimwona hivyo baada ya kuogesha mifugo, nenda kwa mtaalamu na chupa ya dawa.

MWITE AFISA MIFUGO MARA MOJA IKIWA

Mbwa anapumua kwa shida akiwa amepumzika. Fizi ni za buluu au nyeupe. Uchafu wa pua ni wa njano au una damu. Hajala kwa siku mbili. Amebadilika tabia, sauti au mwendo. Au mbwa wawili na zaidi wa jirani wanaugua kwa wakati mmoja. Eleza umri wake, chanjo alizopata, uchafu unatoka tundu lipi, na lini ulianza.

KINGA

Mchanje mbwa dhidi ya kichaa na usikose kampeni ikifika kijijini. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Tunza cheti. Kumbuka chanjo ya kichaa haizuii distempa, hivyo muulize mtaalamu kuhusu chanjo ya mchanganyiko, hasa kwa watoto wa mbwa. Dhibiti kupe na viroboto kwa dawa ya mbwa, na usiwatupie mbwa matumbo mabichi ya mifugo.

Mbwa hawezi kukuambia anapoumwa. Dakika tano za kumtazama akiwa amelala, kuhesabu pumzi na kuangalia pua, zitakuokolea fedha ya dawa isiyofaa, na huenda zikaokoa maisha ya mtu wa nyumbani kwako.