Je, Wajua? Bluu ya Kufulia Ni Rangi ya Mchoraji

Changamoto ya kuchora picha kila siku kwa rangi moja imewanasa wengi: leo nyekundu, kesho manjano, keshokutwa buluu, hadi mwezi uishe. Naipenda, maana anayeshinda na rangi moja siku nzima huijua tabia yake. Kinachonikera ni kuona mtu anamaliza akiba yake kwa tyubu za ng'ambo kabla hajachora hata mstari, kisha nusu ya tyubu hizo zinamkaukia kabatini. Siku ya buluu hasa haina haja ya gharama hiyo. Rangi yake ipo duka la mtaani, pembeni ya sabuni za miche, na watu huikoroga kwenye maji ya kusuuzia mashati ya shule na kanzu za Ijumaa.

Bluu ya kufulia ya asili, ile ya unga au ya kidonge, ni altramarini, buluu ileile inayouzwa kwenye tyubu za wachoraji. Kwa karne nyingi ilipatikana kwa kusaga jiwe la lapisi lazuli lililochimbwa Badakhshan, Afghanistan, na bei yake Ulaya ilishindana na dhahabu. Mwaka 1824 chama kimoja cha kuendeleza viwanda nchini Ufaransa kilitangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kwa njia ya bei nafuu. Mhandisi Jean-Baptiste Guimet aliichukua mwaka 1828, na mwaka huohuo Christian Gmelin wa Tübingen, Ujerumani, akachapisha njia yake mwenyewe. Tangu hapo buluu ya wafalme ikawa kazi ya tanuri: udongo mweupe wa kaolini, magadi, salfa na mkaa, vikisagwa pamoja na kuchomwa kwa joto la nyuzi 800 hivi.

Hapa ndipo ajabu ilipo. Buluu nyingi za wachoraji hutokana na metali kama kobalti, shaba au chuma. Hii inaipata rangi yake kutoka kwa salfa, kitu ambacho chenyewe ni cha manjano. Ndani ya tanuri, atomi za alumini, silikoni na oksijeni hujipanga zikajenga vizimba vidogo vilivyoungana pande zote, na ndani ya vizimba hivyo hunaswa vikundi vya atomi tatu za salfa zenye elektroni moja ya ziada. Kikundi cha namna hiyo kikiachwa wazi hakidumu. Ndani ya kizimba hukaa kama kuku ndani ya tenga: unamwona, lakini hatoki. Mwanga ukipita humo, salfa hiyo hula sehemu ya manjano na ya machungwa, na kinachobaki kuyafikia macho yetu ni buluu nzito iliyoelemea zambarau. Mwanzoni uchomaji hutoa unga wa kijani, kwa sababu vimo pia vikundi vya atomi mbili ambavyo ni vya manjano. Hewa ikiingizwa tanurini ndipo kijani kinapogeuka buluu.

Tenga hilo lina adui mmoja, asidi. Weka unga kidogo wa bluu kwenye kisahani, ukamulie limau. Kama una kidonge kilichochanganywa na magadi ya kuokea, kitaanza kutoa mapovu, na itabidi uongeze limau hadi mapovu yatulie. Baada ya hapo vizimba huanza kubomoka. Buluu inapauka pole pole, na puani inafika harufu ya yai viza, ndiyo salfa inayotoroka ikiwa gesi. Fanya jaribio hili dirishani, kwa unga wa kucha moja tu. Likifanikiwa, umeshika altramarini halisi. Isipopauka wala kunuka, huenda ni rangi ya kuyeyuka, kama zilivyo bluu nyingi za maji za siku hizi. Hizo utazitambua pia kwa kuziacha kwenye glasi usiku kucha: altramarini hutuama chini, rangi ya kuyeyuka hubaki imeenea maji yote. Kwa mchoraji tofauti hiyo ni kubwa, maana altramarini haipaushwi na jua, na rangi nyingi za kuyeyuka hupauka.

Kwenye nguo, bluu haiondoi uchafu wowote. Kitambaa cheupe kikizeeka hurudisha mwanga wa buluu kidogo, ndiyo maana tunakiona cha manjano. Chembe za altramarini hukaa kati ya nyuzi na kupunguza manjano yaliyozidi. Shati linarudisha mwanga kidogo kuliko mwanzo, lakini uwiano wa rangi umerudi sawa na jicho linasema ni jeupe. Anayetaka kuelewa namna rangi mbili zinavyozimana, na kwa nini kivuli kwenye ukuta wa manjano hukubali buluu, aanzie kwenye beseni la kufulia.

Ili kuichorea, kwanza iondoe magadi: koroga kidonge kwenye maji mengi, acha kitulie, mwaga maji ya juu, rudia mara kadhaa, kisha anika mashapo. Loweka gundi ya mgunga hadi iyeyuke, ichuje, tia tone la asali ili isipasuke ikikauka, halafu saga unga humo juu ya kioo. Kiini cha yai nacho kinafaa. Ipake nyepesi kwenye karatasi yenye uso wa kukwaruza, kisha iinamie uitazame inavyokauka: chembe huzama kwenye vibonde vya karatasi na kuacha mbingu yenye punje, jambo ambalo si kila buluu huliweza. Ipake nzito, inakaribia kuwa nyeusi. Usiitegemee peke yake kwa maji ya pwani yasiyo na kina, kwani yale yana ukijani. Iweke kwenye kilindi, kwenye vivuli vya jioni, kwenye milima ya mbali. Yves Klein, Mfaransa aliyejaza turubai nzima kwa altramarini tupu, alichukizwa na jinsi mafuta yanavyoufifisha unga huu, akatumia gundi ya viwandani inayouacha na sura yake ya ukavu, na mwaka 1960 akaisajili njia hiyo.

Sasa niseme linaloniuma. Kaolini tunayo, vilima vya Pugu nje ya Dar es Salaam vina hazina yake. Magadi yanavunwa Ziwa Magadi, Kenya, kwa zaidi ya karne moja. Na bado mwanafunzi wa sanaa anaambiwa asubiri rangi ziagizwe kutoka nje, wakati wa kumfundisha kusaga rangi hayupo. Sisemi tukimbilie kila ziwa la magadi. Ziwa Natron liachwe kabisa, kwa kuwa karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huzaliana pale na hawana pengine pa kwenda. Hicho kidogo kinachovunwa tayari kinatosha kuweka rangi mbele ya watoto.

Siku za rangi nyingine uwe mwangalifu zaidi. Masizi na udongo mwekundu visage vikiwa vimelowa, ili vumbi lisiruke. Unga wa manjano usioujua usiuguse, kwa sababu baadhi ya manjano ya viwandani yametengenezwa kwa risasi. Bluu haina risasi, lakini vumbi lake lisivutwe na watoto wasiilambe.

Matumizi mengine ni mengi: kwenye chokaa ya ukutani (chokaa si asidi na haiidhuru, wakati buluu ya Prussia, ile itokanayo na chuma, hufa humo), kwenye plastiki, wino wa kuchapia, sabuni, wanja wa rangi wa macho, na huko Nigeria, wachongaji wa Kiyoruba waliipaka kwenye nywele za sanamu za mapacha, wakitumia vidonge vya kufulia vya Reckitt kutoka Uingereza.