Rangi ya Jani la Biri: Ulimi Huonja Nini, na Jicho Huongeza Nini?

Katika viwanda vya biri vya Havana, nchini Cuba, iko kazi ambayo mgeni huiona ya ajabu. Biri zikishasokotwa humwagwa juu ya meza pana, na mfanyakazi mwenye macho makali huzitenga kwa rangi. Yeye hatambui kahawia moja tu kama watu wengine. Hutofautisha makumi ya rangi za kahawia, tangu ile ya majani makavu hadi ile ya kahawa iliyokaangwa sana. Kisha biri hupangwa kashani, iliyokoza kuliko zote kushoto na iliyofifia kuliko zote kulia, ili mnunuzi afunguapo kifuniko aone safu moja inayobadilika polepole. Hata hivyo, biri zote za kasha hilo zimejazwa mchanganyiko ule ule wa majani. Kazi yote hiyo imefanywa kwa ajili ya jicho.

Je, ulimi nao hupata faida? Wavutaji wengi hujibu bila kusita kwamba biri nyeusi ni kali, na ya rangi hafifu ni laini. Imani hiyo si jambo la wavutaji peke yao, kwa maana neno "laini" likitajwa kuhusu tumbaku, msikilizaji hulielewa kuwa "isiyodhuru sana". Kwa hiyo inastahili kupimwa kwa mizani ya sayansi.

Biri hutofautiana na sigara ya kawaida kwa kuwa haina karatasi. Yote ni tumbaku. Ndani kabisa mna majani ya kujazia. Hayo hushikwa pamoja na jani la pili, na juu ya yote huviringishwa jani la nje, jembamba, laini, lisilo na tundu wala doa. Jani hili la nje ndilo ghali kuliko mengine, ingawa kwa uzito ni sehemu ndogo sana ya biri. Wauzaji wengine hudai kwamba zaidi ya nusu ya ladha hutoka humo. Dai hilo ni la kibiashara zaidi kuliko la kisayansi, lakini si la kupuuzwa lote: jani la nje ndilo linalogusa midomo, na moshi wake ndio unaofika puani kwanza.

Rangi yenyewe huanza shambani. Jani lililokua juani huwa nene na lenye mafuta mengi. Lililokua kivulini huwa jembamba na rangi yake hufifia. Wakulima wa bonde la mto Connecticut, Marekani, walilitumia jambo hili kwa werevu. Mwishoni mwa karne ya 19 soko lao lilikuwa likinyang'anywa na majani membamba kutoka kisiwa cha Sumatra, ambako mawingu hupunguza ukali wa jua. Mwaka 1900, katika mji wa Windsor, tumbaku ilijaribiwa kupandwa chini ya mahema ya kitambaa chepesi, yaani mawingu ya kutengenezwa kwa mikono. Jaribio lilifaulu, na jani la kivuli la Connecticut likapata sifa duniani.

Baada ya kuchumwa, majani hutungwa na kuning'inizwa katika banda lenye kupitisha hewa kwa majuma kadhaa. Jani halifi siku linapochumwa. Huendelea kupumua, likitumia akiba yake ya wanga na sukari mpaka karibu iishe. Wakati huo klorofili, ile rangi ya kijani, huvunjika, na rangi ya manjano ya karotini, iliyokuwamo siku zote, hudhihirika. Kisha chembe hai za jani huanza kubomoka. Vitu viitwavyo polifenoli, ambavyo vilikuwa vimetengwa na vimeng'enya vya jani, sasa hukutana navyo mbele ya oksijeni, na kahawia hutokea. Mwanafunzi hana haja ya kwenda Cuba kuliona jambo hili. Akate biringanya au ndizi mbichi na kuiacha mezani kwa saa moja. Upande mmoja apake maji ya limau, ambayo huvizuia vimeng'enya hivyo. Majani ya chai nayo huwa meusi kiwandani kwa njia iyo hiyo.

Wakulima wa Tabora na Urambo wanaijua kemia hii kwa vitendo, ingawa tumbaku yao ya mvuke ni ya sigara, si ya biri. Majani huachwa kwanza bani yageuke manjano katika joto la nyuzi 35 hadi 40 za Sentigredi. Kisha moto huongezwa ili yakauke upesi kabla ya kahawia kuingia, na mwishoni joto hufikishwa nyuzi 70 hivi ili ukoo wa kati nao ukauke. Kwa kuwa jani limeuawa mapema, sukari nyingi hubaki ndani yake. Mkulima aliyechelewa kuongeza moto hulipata jani la kahawia, na mteuzi wa tumbaku humshushia daraja. Hapo rangi si urembo. Ni ada ya shule na bati la nyumba.

Watengenezaji wa biri waliitumia mbinu ya joto kwa namna nyingine. Wakilikausha jani kwa moto kabla hata ya kugeuka manjano, klorofili hubaki na biri huwa ya kijani. Biri hizo, ziitwazo candela, zilipendwa mno Marekani katika miaka ya 1950 na 1960. Baadaye mtindo ulibadilika, na nyeusi zikawa ndizo za kutamaniwa. Pua na ulimi wa Wamarekani haukubadilika katika kipindi hicho kifupi. Kilichobadilika ni desturi.

Jani jeusi, ambalo Waspania huliita maduro, yaani lililoiva, hupatikana kwa kuchachusha. Majani yenye unyevu hulundikwa malundo makubwa, nayo hupata joto yenyewe kama lundo la samadi, hata nyuzi 50 na zaidi. Bakteria hushiriki katika kazi hiyo, na harufu kali ya amonia hutoka. Lundo hubomolewa na kupangwa upya mara kwa mara lisije likaungua. Jani la maduro hupewa joto zaidi na muda mrefu zaidi, nalo hupoteza ukakasi na kupata harufu mpya. Basi rangi nyeusi ina habari ya kweli. Wako pia wanaofupisha njia kwa kulipika jani kwa mvuke, au kulitia rangi, na hapo habari hiyo huwa ya uongo.

Vipi kuhusu ukali? Nikotini hutengenezwa mizizini na kupandishwa majanini. Majani ya juu ya mmea huwa nayo nyingi kuliko ya chini. Uchachushaji, kwa upande wake, huipunguza. Hivyo jani lililokaa lunduni muda mrefu likawa jeusi linaweza kuwa na nikotini kidogo kuliko lilivyokuwa lilipoingia. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya nikotini ya biri hutoka katika majani ya kujazia, ambayo mnunuzi hayaoni. Biri ya rangi hafifu iliyojazwa majani ya juu yaweza kumlewesha mtu kuliko nyeusi iliyo kando yake.

Hata hivyo, mvutaji hasemi uongo anaposema nyeusi ni tamu na ina ladha ya kahawa au chokoleti. Harufu za uchachushaji zipo. Lakini majani ya biri yaliyokaushwa kwa hewa huwa na sukari kidogo mno, na utamu unaosifiwa yafaa utafutwe pia kwingine. Mwaka 2001 Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu wa Ufaransa walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Bordeaux. Wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Waliueleza kwa maneno yale yale ambayo hutumika kwa mvinyo mwekundu. Jicho lilitangulia kusema, na pua ikafuata. Hakuna sababu ya kudhani kwamba mtu ashikaye biri nyeusi ana kinga dhidi ya jambo hilo.

Kwa upande wa afya rangi haisaidii kitu. Moshi wa biri una hali ya alikali, na kwa hiyo nikotini hupenya katika ngozi ya mdomo hata mvutaji asipoushusha kifuani. Biri moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1998 kwamba kuvuta biri kila siku husababisha saratani ya mdomo, koo, umio na mapafu. Baadhi ya kemikali zinazoleta saratani hujitengeneza wakati wa kukausha na kuchachusha majani, kwa hiyo "kuiva" si kutakasika.

Mwalimu anaweza kulifanya jaribio la Bordeaux darasani bila tumbaku wala mvinyo. Atayarishe mtungi mmoja wa maji yenye sukari na limau, augawe katika bilauri tatu, na kutia rangi za chakula: moja nyekundu, moja ya kahawia, moja aiache ilivyo. Nusu ya wanafunzi waonje wakiangalia, nusu wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Kila mmoja aandike ipi ni tamu zaidi na inafanana na tunda gani. Majibu yaandikwe kabla ya mtu yeyote kuzungumza, maana mmoja akitamka "ukwaju", wenzake nao huanza kuuonja.