Springi Haipandishi Mlima

Amekuja tena mwingine, safari hii kijana anayebeba viazi kutoka mashambani huko Lushoto: "Fundi, nikiongeza springi kwenye shokapu za nyuma, si pikipiki itapanda mlima vizuri?" Haitapanda, mdogo wangu.

Vijiweni wanaamini kwamba pikipiki ikilala nyuma, springi "inakula nguvu" ya injini, kwa hiyo ikazwe hadi igome kabisa kubonyea. Kuna wanaovisha springi ya pili juu ya ile ya kiwandani, na wapo wanaoshindilia vipande vya tairi bovu katikati ya mizunguko yake. Kisha wanatamba: haizami tena!

Haizami, ndiyo, na haipandi pia. Nguvu hutoka kwenye injini, hupita kwenye gia na cheni, hadi pale tairi linapogusa ardhi. Springi haimo kwenye njia hiyo. Kazi ya shokapu ni kulishikiza tairi chini. Litazame gurudumu la nyuma la pikipiki iliyokazwa likipanda njia ya mawe: linagonga, linaruka, linazunguka hewani, kisha linatua kwa kishindo na kuivuta cheni ghafla. Likiwa hewani halisukumi chochote. Halafu mara nyingi ugonjwa wenyewe ni shokapu iliyovuja. Pitisha kidole kwenye fimbo yake. Kikitoka na tope la oili, umeshapata jibu. Oili ndiyo inayotuliza springi. Ikiisha, kukaza springi ni kuongeza mruko tu.

Wanaonyanyua nyuma kwa shokapu ndefu wana chembe ya ukweli: uzito husogea mbele kidogo, gurudumu la mbele halinyanyuki upesi. Lakini usukani unakuwa mwepesi kuyumba, na mlima ulioupanda asubuhi utaushuka jioni, pikipiki ikiwa imeinamia mbele na abiria kakulalia mgongoni. Kazi hiyo siifanyi, hata kwa malipo ya juu.

Sasa yanayosaidia. Sproketi ya nyuma ikitoka meno 42 kwenda 45, nguvu ya kusukuma kwenye gurudumu huongezeka kama asilimia 7, nawe utapoteza mwendo kasi barabarani kwa kiasi kinachokaribia hicho. Kupunguza jino moja mbele, kutoka 14 kuwa 13, kunafika karibu palepale. Shokapu zilizokufa zibadilishwe zote mbili kwa pamoja, na ngazi za kurekebishia springi ziwe sawa kulia na kushoto, kulingana na mzigo. Njia ya tope inataka tairi la vitutu. Upepo ujazwe kama alivyoandika mtengenezaji. Gunia lisogee mbele, lisining'inie nyuma ya ekseli. Ingiza gia ya kwanza kabla ya mlima, usingoje injini ianze kulia. Pakiwa pakali mno, abiria ashuke atembee.

Ukitaka nikurekebishie, njoo na pikipiki ikiwa na mzigo wako wa kila siku. Ikiwa tupu siwezi kuipima.