Mateso ya utotoni na ugonjwa wa skizofrenia: tujue ukweli, tuache kulaumiana

Kijana wa miaka 19 aliyekuwa akienda shule vizuri anaanza kujitenga. Halali usiku, haogi, anacheka peke yake na kujibu sauti ambazo wengine hawazisikii. Anakataa chakula akisema majirani wametia sumu. Familia inahangaika. Wengine wanasema amerogwa, wengine wanasema ana mapepo. Mama yake anajiuliza kimoyomoyo: "Au ni yale aliyoyaona tulipokuwa tunakimbia, akiwa bado mdogo?"

Ndugu wasomaji, wazazi wengi hujiuliza swali hilo, na linastahili jibu la kweli.

Skizofrenia ni nini?

Ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aone vitu visivyokuwepo, aamini mambo yasiyo ya kweli, na azungumze maneno yasiyofuatana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 24 walikuwa wakiugua ugonjwa huu, yaani karibu mtu 1 kati ya 300. Mara nyingi huanza mwishoni mwa ujana au katika miaka ya 20, na kwa wanaume huwahi kuliko kwa wanawake. Unapatikana katika mataifa yote, kwa matajiri na maskini.

Je, mateso ya utotoni yanahusika?

Ndiyo, yanahusika, lakini si peke yake. Mwaka 2012 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 36 kutoka nchi mbalimbali. Waliona kwamba watu waliopigwa, waliobakwa, waliotelekezwa au walioonewa na wenzao utotoni walikuwa na hatari ya magonjwa ya aina hii karibu mara 3 kuliko wengine. Huko Sweden, utafiti uliotolewa mwaka 2016 uliangalia watu zaidi ya milioni 1. Wakimbizi walionekana kupata skizofrenia na magonjwa yanayofanana nayo kwa asilimia 66 zaidi kuliko wahamiaji wengine waliotoka sehemu zile zile za dunia lakini si wakimbizi.

Hatari nyingine huanza hata kabla ya mtoto kuzaliwa. Katika njaa kubwa ya Uholanzi ya mwaka 1944 hadi 1945, watoto waliotungwa mimba wakati njaa ilipokuwa kali zaidi walipata ugonjwa huu mara 2 zaidi walipokuwa watu wazima.

Damu ya ukoo nayo ina sehemu yake. Hata hivyo, kwa mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua, yule mwingine huugua katika takriban nusu tu ya hali hizo au pungufu. Kwa hiyo urithi peke yake hautoshi kuleta ugonjwa. Uvutaji wa bangi, hasa katika umri mdogo, nao huongeza hatari.

Mzazi asijilaumu

Tufanye hesabu. Ikiwa kwa kawaida anaugua mtu 1 kati ya 300, hata hatari hiyo ikizidishwa mara 3 ni kama mtu 1 kati ya 100. Wale 99 hawaugui. Watoto wengi sana walioona vita hawatapata skizofrenia kamwe. Aidha, wapo wagonjwa waliolelewa kwa amani na upendo mtupu.

Zamani, katika miaka ya 1940 na 1950, baadhi ya madaktari wa Marekani walifundisha kwamba ugonjwa huu husababishwa na malezi mabaya ya mama. Fundisho hilo liliumiza familia nyingi, na limeachwa kwa sababu halikuthibitika. Mama aliyembeba mtoto mgongoni akavuka naye mpaka hakumletea ugonjwa. Alimwokoa.

Ufanye nini ukiona dalili?

1. Mpeleke mgonjwa kituo cha afya mapema. Ikiwa kuchanganyikiwa kumeanza ghafla pamoja na homa, nenda siku hiyo hiyo, usiku au mchana. Inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo.

2. Usimfunge kamba wala minyororo, usimpige, usimnyime chakula. Mtu ambaye tayari ameteswa utotoni huumizwa mara ya pili.

3. Usibishane naye kuhusu sauti anazosikia, wala usimcheke. Zungumza naye kwa upole na kwa maneno machache. Mweleze mhudumu wa afya yale aliyoyapitia mtoto huyo, hata kama ni aibu kuyasema.

4. Dawa zipo na zinasaidia wengi. Zinaweza kuleta kutetemeka au kukakamaa kwa mwili. Hilo likitokea, rudi kituoni ili dawa irekebishwe. Usiziache ghafla kwa sababu mgonjwa amepata nafuu.

5. Wanaotaka kuombewa waendelee kuombewa, lakini dawa zisiachwe.

Tuwalinde walio wadogo leo

Hatuwezi kufuta yaliyotokea njiani, ila tunaweza kupunguza yanayoongezeka hapa kambini. Mjamzito ahudhurie kliniki na apate chakula cha kutosha. Mtoto asiye na wazazi asigeuzwe mtumishi wa nyumba anayoishi. Anayepiga au kunajisi mtoto aripotiwe, hata kama ni ndugu wa familia. Watoto waende shule na wapate nafasi ya kucheza. Mtoto anayeota ndoto za kutisha au kukojoa kitandani asichapwe. Akae karibu na mtu mzima anayemwamini, asikilizwe.

Na yule kijana wa miaka 19? Bado ni mtoto wa mtu na jirani yetu. Akitibiwa mapema na asipotengwa, anaweza kurudi darasani au shambani. Ukimfahamu mtu wa namna hiyo katika bloki yako, mweleze mhudumu wa afya ya jamii wiki hii, usingoje hali iwe mbaya zaidi.