Je, wajua? Kinyama kidogo hutaja ukoo wa uvimbe

Mwaka 1957 Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, alioneshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kushoto na kulia. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Haukupita muda mrefu akawa Jinja, na huko akakutana na mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Mwaka 1958 alichapisha makala akiuita ugonjwa huo sakoma, yaani saratani inayoanzia kwenye mifupa, misuli na nyama zinazoshikilia mwili. Waliomsahihisha walikuwa wataalamu wa patholojia wa hapo hapo Kampala, Gregory O'Conor na Jack Davies. Wao walishughulika na vipande vya uvimbe chini ya hadubini, wakaona kwamba ile ni limfoma, saratani ya seli za kinga. Ugonjwa ukabaki na jina la Burkitt. Majina ya wale waliotazama kinyama, yaani kipande cha uvimbe, hayatajwi sana.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote. Yaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kisu hakiiwezi. Dawa ndizo huiyeyusha, na Burkitt mwenyewe, ingawa alikuwa mtu wa kisu, aliishia kuwapa watoto dawa, na baadhi yao wakapona.

Sasa, kinyama kinasemaje? Kwanza hukatwa kwa kisu au kuchomolewa kwa sindano nene, kikatumbukizwa kwenye formalini ya asilimia 10 ili kisioze. Maabara hukikausha maji kwa spiriti, hukijaza nta ya parafini, kisha hukikata kwa mashine vipande vyembamba vya mikromita 3 au 4, vyembamba mno kuliko unywele. Hupakwa rangi mbili: viini vya seli huwa bluu iliyoelekea zambarau, vilivyobaki huwa waridi. Katika limfoma ya Burkitt seli hujaa bluu tupu zimebanana, na hapa na pale pana madoa meupe, ambayo ni seli kubwa zinazokula mizoga ya wenzao waliokufa. Wataalamu huiita sura hiyo anga lenye nyota.

Taabu ni kwamba watoto wana saratani nyingi zenye seli ndogo za duara, za bluu. Ya misuli iko hivyo, ya mishipa ya fahamu iko hivyo, ya Ewing inayopenda mifupa iko hivyo, na limfoma nazo zipo za aina kadhaa. Kila moja ina dawa zake. Mtaalamu mzoefu hukisia vizuri, lakini kukisia si kujua.

Hapo ndipo alama za seli zinapoingia. Kila aina ya seli ina protini zake, nyingine juu ya ngozi yake, nyingine ndani ya kiini, na nyingi hubaki hata seli ikigeuka saratani. Kwenye kioo chenye kipande chembamba cha uvimbe, maabara hudondosha kingamwili inayoshika protini moja tu. Kisha huongezwa kingamwili ya pili iliyobeba kimeng'enya, na mwisho kemikali ambayo kimeng'enya hicho huigeuza kahawia. Penye kahawia, protini ipo. Kingamwili za kuaminika namna hiyo zilipatikana kwa wingi baada ya Georges Köhler na César Milstein, mwaka 1975 kule Cambridge, kuunganisha seli ya panya itengenezayo kingamwili na seli ya saratani isiyochoka kuzaliana. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Turudi kwa mtoto mwenye taya zilizovimba. Ikiwa ni Burkitt, CD20 itatokea kahawia, ikizunguka kila seli kama pete: hiyo ni alama ya seli B. CD10 na BCL6 nazo zitatokea. TdT haitaonekana, maana hiyo ni ya seli changa zaidi za limfoma nyingine. Halafu kuna Ki-67, iliyogunduliwa Kiel, Ujerumani, mwaka 1983, ambayo hupaka viini vya seli zinazojigawa. Katika Burkitt karibu kila kiini huwa kahawia. Kama tatizo ni saratani ya misuli, picha hiyo itabadilika, na badala yake zitang'aa desmini na miojenini. Kuna pia kipimo cha kutafuta athari za kirusi cha Epstein-Barr, ambacho Epstein, Achong na Barr walikigundua mwaka 1964 katika seli za uvimbe wa Burkitt zilizotumwa London kutoka Uganda.

Lakini hakuna alama inayoaminika peke yake. CD99 hutafutiwa saratani ya Ewing, ila limfoma ya seli changa nayo huwa nayo; anayeitegemea hiyo tu huweza kumpa mtoto dawa za ugonjwa mwingine. Ndiyo maana huagizwa alama kadhaa kwa pamoja, zile zinazotarajiwa kutokea na zile zinazotarajiwa kukosekana. Na kahawia ikitokea mahali pasipo pake, kwa mfano Ki-67 nje ya kiini, haihesabiwi. Kila safari huwekwa pia kipande cha tonsili iliyo salama, kwa kuwa ina seli B na seli T ambazo matokeo yake yanajulikana. Tonsili ikigoma kutoa rangi, matokeo yote ya siku hiyo hutupwa.

Kinachoshangaza ni kwamba sehemu nyeti kabisa ni ya kwanza, kule chumba cha upasuaji. Kinyama kikisahauliwa mezani, au kikiwekwa kwenye maji ya dripu badala ya formalini, protini huharibika na alama iliyokuwepo hujibu kwamba haipo. Kinyama kikikaa kwenye formalini muda mrefu mno, nayo huzifunga protini. Ndiyo maana vioo huchemshwa kabla ya kupakwa kingamwili, na maabara nyingi hutumia sufuria ya presha. Kwa saratani ya matiti, miongozo ya Marekani hutaka kinyama kikae kwenye formalini kati ya saa 6 na 72. Sababu ni dawa: trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hufanya kazi kwa uvimbe wenye protini ya HER2 kwa wingi. Kahawia ya HER2 hupewa alama kuanzia 0 hadi 3. Tatu ni ndiyo. Mbili ni labda, na hapo kinyama hurudishwa maabara ili jeni zenyewe zihesabiwe, seli moja baada ya nyingine.