KUHUISHA TAKWIMU ZA FAILI KUU KWA NJIA YA MAKRO: MAFUNZO KUTOKA WILAYA ZA NGARA NA BIHARAMULO

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanapatiwa maelezo haya juu ya kazi ambayo hivi sasa hufanyika katika ofisi nyingi, Unguja na Pemba: kuchukua taarifa zilizomo katika faili moja la kompyuta na kuziingiza katika faili jengine. Ofisi ndogo hukusanya taarifa zake kila siku au kila wiki. Ofisi kuu huzipokea na kuhuisha orodha yake. Kazi hiyo ikifanywa kwa mkono huchosha, na mchoko huzaa makosa. Kwa sababu hiyo watumishi wengi wamejifunza kuiamuru kompyuta ifanye yenyewe, kwa maagizo yaitwayo makro.

Jambo ni jema. Hata hivyo, makro iliyoandikwa bila ya uangalifu haiondoi makosa, bali huyaharakisha na kuyaficha. Mifano mikuu ya maelezo haya imechukuliwa kutoka wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera, kwa vile katika wilaya hizo usahihi wa orodha za watu umewahi kuwa ni jambo la uhai na mauti.

MAKRO NI NINI

Lahajedwali ni faili lenye mistari na safu. Kila mstari ni wa mtu au kitu kimoja, na kila safu ni ya sifa moja, kama vile jina, kijiji, tarehe au kiasi. Programu ya kwanza ya namna hii kuenea katika kompyuta ndogo ilikuwa VisiCalc, mwaka 1979. Lotus 1-2-3, iliyotoka mwaka 1983, ilimwezesha mtumiaji kuhifadhi mfululizo wa maagizo na kuyarudia, na kuanzia mwaka 1993 Excel ikapewa lugha yake kamili ya kuandikia maagizo hayo. Mfululizo huo uliohifadhiwa ndio makro.

Makro ni mfano wa tarishi mtiifu asiyeuliza. Akiambiwa atie bahasha ya kumi katika sanduku la kumi, atatia, hata kama jina lililo juu ya bahasha silo lililo juu ya sanduku. Ama akiambiwa asome namba ya bahasha na alitafute sanduku lenye namba hiyo hiyo, atafanya kazi ya watu kumi kwa dakika moja. Tofauti baina ya maagizo mawili hayo ndiyo kiini cha maelezo haya.

FUNZO LA BIHARAMULO, 2025

Tarehe 20 Januari 2025 Serikali ya Jamhuri ya Muungano ilitangaza kuthibitika kwa ugonjwa wa virusi vya Marburg katika Wilaya ya Biharamulo. Huo ulikuwa mripuko wa pili katika Mkoa wa Kagera, baada ya ule wa Wilaya ya Bukoba wa mwaka 2023. Mripuko wa Biharamulo ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi 2025. Wagonjwa wawili walithibitishwa kwa vipimo na wanane wakahesabiwa kuwa ni wa kudhaniwa. Wote kumi walifariki dunia.

Ugonjwa huo huchukua baina ya siku 2 na 21 kudhihirika tangu mtu alipoambukizwa. Kwa hivyo kila aliyekutana na mgonjwa au maiti yake huandikwa, hutembelewa na kupimwa joto kila siku hadi zitimie siku 21. Katika mripuko wa Biharamulo watu walioorodheshwa kwa ufuatiliaji walikuwa 281.

Ichukuliwe mfano wa orodha ya namna hiyo. Faili kuu limepangwa kwa vijiji. Faili la watembeleaji limepangwa kwa saa ya kumtembelea mtu. Makro inaagizwa kuchukua kisanduku cha joto cha mstari wa pili wa faili la watembeleaji na kukitia katika mstari wa pili wa faili kuu, kisha wa tatu katika wa tatu, hadi mwisho. Siku ya kwanza, ikiwa mafaili yote mawili yamepangwa sawasawa, kazi itatimia bila ya kasoro. Siku ya pili anaongezwa mtu mmoja katikati ya orodha, na kuanzia hapo kila aliye chini yake anapata joto la jirani yake. Mwenye homa ataonekana mzima, na mzima atatengwa. Kompyuta haitatoa onyo lolote, kwani imetekeleza kama ilivyoagizwa.

Dawa yake ni kumpa kila mtu namba yake mwenyewe tangu siku ya kwanza, isiyobadilika na isiyopewa mtu mwengine, na kuiagiza makro itafute namba hiyo badala ya kuhesabu mistari.

KWA NINI JINA PEKE YAKE HALITOSHI

Baadhi ya ofisi huiagiza makro ilinganishe majina. Njia hiyo haitegemeki. Katika Biharamulo jina la Lusahunga, mahali palipo katika njia kuu ya kwendea mpaka wa Rusumo, huandikwa pia Rusahunga. Kwa msomaji ni pahala pamoja; kwa kompyuta ni pahala pawili. Huku kwetu Khamis huandikwa Hamisi, na Asha huandikwa Aisha. Aidha watu wawili wa shehia moja huweza kuwa na majina matatu yaliyo sawa bila ya kuwa na udugu wowote. Jina libakie kuwa ni ushahidi wa kuthibitishia baada ya namba kulingana, lisiwe ndio ufunguo wenyewe.

FUNZO LA NGARA, 1994 HADI 1996

Ubaya wa orodha isiyohuishwa haukuanza na kompyuta. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Wilaya ya Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa katika muda wa siku chache. Chakula kiligaiwa kwa mujibu wa idadi ya watu wa kila kaya, na idadi hiyo haitulii: watoto huzaliwa, watu hufariki, wengine huhamia kambi nyengine au hurejea kwao. Mnamo Disemba 1996 karibu nusu milioni ya wakimbizi walirejea Rwanda kutoka Tanzania katika muda wa wiki chache.

Katika hali kama hiyo orodha mbili huhitaji kusemezana kila siku: orodha kuu ya walioandikishwa, na orodha ya mabadiliko. Aliyeandikwa mara mbili hupata posho mbili, na aliyefutwa kwa makosa hulala na njaa. Ndiyo maana orodha ya mabadiliko lazima ieleze mambo matatu: nani, nini kimebadilika, na tarehe gani. Makro nzuri nayo husoma mambo hayo hayo matatu.

HATUA ZA MAKRO ILIYO SALAMA

Mtumishi anayeandika makro ya kuhuisha faili kuu, au anayeandikiwa na fundi, ahakikishe kuwa hatua zifuatazo zimo ndani yake:

1. Kabla ya jambo lolote, faili kuu linakiliwa na kuhifadhiwa kwa jina lenye tarehe ya siku hiyo.

2. Makro inasoma namba ya utambulisho katika kila mstari wa faili jipya, kisha inaitafuta namba hiyo katika faili kuu kwa ulingano kamili. Kanuni ya Excel iitwayo VLOOKUP, isipoamrishwa wazi kutafuta ulingano kamili, hukubali ulio karibu. Na namba iliyo karibu ni ya mtu mwengine.

3. Namba ikipatikana mara moja tu, makro inalinganisha tarehe. Taarifa ikiwa ni mpya zaidi inaandikwa. Ikiwa ni ya zamani inaachwa.

4. Kisanduku kitupu katika faili jipya hakifuti kilichomo katika faili kuu. Utupu maana yake ni kuwa hakuna taarifa, na si sifuri.

5. Namba isiyopatikana, au iliyopatikana zaidi ya mara moja, inawekwa katika ukurasa wa peke yake ili mtumishi aiangalie kwa macho. Makro isikisie.

6. Mwisho inatolewa hesabu. Kwa mfano: mistari iliyosomwa 40, iliyohuishwa 34, iliyoachwa kwa kuwa ni ya zamani 3, isiyopatikana 2, iliyojirudia 1. Hesabu nne za mwisho zikijumlishwa lazima zirejee 40. Zisiporejea, kazi yote isimamishwe.

Hatua ya sita ndiyo inayoachwa zaidi, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Nchini Uingereza, mwezi wa Oktoba 2020, ilibainika kuwa wagonjwa 15,841 wa Uviko-19 hawakuingizwa katika takwimu za kila siku. Taarifa kutoka maabara zilikuwa zikihamishwa na kompyuta yenyewe kwenda katika mafaili ya Excel ya mtindo wa zamani, ambayo hayachukui zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi ilikatika kimya kimya, na kuwatafuta waliokutana na wagonjwa hao kukachelewa. Hesabu moja ya walioingia na waliotoka ingelifichua kasoro hiyo siku ile ile.

MITEGO YA TAREHE NA SIFURI

Tarehe iliyoandikwa 9/1/2025 ni 9 Januari kwa desturi yetu, lakini kompyuta iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma kuwa ni 1 Septemba. Mtu anayefuatiliwa kwa siku 21 angemaliza muda wake tarehe 30 Januari, kumbe faili linasema 22 Septemba. Vile vile namba inayoanza na sifuri, kama ya simu, hupoteza sifuri hiyo ikiingizwa kama hesabu, na baada ya hapo haitalingana na mwenziwe. Safu za namba za utambulisho ziwekwe kuwa ni maandishi, na mwezi uandikwe kwa jina lake.

MIPAKA INAPOBADILIKA

Katika sensa ya mwaka 2002 Wilaya ya Biharamulo ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya 410,000. Katika sensa ya mwaka 2012 ilikuwa na takriban 323,000. Atakayenakili tarakimu hizo katika safu mbili zinazofuatana atasema kuwa watu wamepungua. Ukweli ni kuwa baina ya sensa mbili hizo Chato iliondolewa Biharamulo na kuwa wilaya ya peke yake, na mwaka 2012 ikaingizwa katika Mkoa mpya wa Geita. Jina la Biharamulo limebakia. Eneo lake silo lile.

Sisi wa visiwani tunalo jambo kama hilo. Wilaya ya Magharibi ilikuwa moja katika sensa ya mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka 2022 zilikuwemo Magharibi A na Magharibi B. Makro isiyojua hayo ama haitapata mahali pa kuandika, ama itaandika pasipo pake. Eneo likigawanywa, kila sehemu ipewe namba mpya, namba ya zamani ifungwe pamoja na tarehe yake, na takwimu za kale zisiandikwe juu yake.

USALAMA

Makro ni programu, na programu huweza kubeba madhara. Virusi vya Melissa vilivyoenea duniani mwaka 1999 vilisafiri ndani ya makro ya hati ya kawaida. Kuanzia mwaka 2022 programu za Microsoft huzuia makro za mafaili yaliyotoka katika intaneti. Mtumishi asiondoe kizuizi hicho kwa faili asilomjua mwenyewe, wala asitume kwa njia za kienyeji faili lenye majina na hali za afya za watu.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mkuu wa ofisi anapaswa kujua makro gani zinatumika katika ofisi yake, nani aliyeziandika, na maelezo yake yamehifadhiwa wapi, ili fundi akihamishwa kazi isikwame. Mtumishi anayepokea faili anapaswa kutia saini hesabu ya mistari kama mshika fedha anavyotia saini stakabadhi. Naye mwananchi ana sehemu yake: atoe namba ya kitambulisho chake bila ya kukosea, atumie majina yale yale kila anapoandikishwa, na atoe taarifa za kuzaliwa, kufariki na kuhama kwa wakati.

Kila mstari wa faili ni mtu mwenye haki yake: posho, dawa, pencheni, au mtu wa kubisha hodi mlangoni kwake na kumuuliza kama ameamka salama. Inasisitizwa kwa hivyo kuwa makro isiendeshwe juu ya faili kuu lolote kabla ya kujaribiwa katika nakala, na isihesabiwe kuwa imemaliza kazi yake mpaka hesabu ya walioingia ilingane na ya waliotoka.