Je, Wajua? Mstari Mweusi Unaokataa Kustaafu

Je, wajua kwamba kile kimraba kinachong'aa kwenye kadi yako ya benki mara nyingi kimepakwa dhahabu ya kweli? Utando wenyewe ni mwembamba kuliko unywele mara nyingi sana, kwa hiyo usihangaike kuubandua. Soko la dhahabu la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, halitakupa hata nauli ya kurudi Songwa, wilayani Kishapu. Dhahabu imewekwa pale kwa kuwa haishiki kutu. Jasho la mfukoni na vumbi la Kishapu vitaharibu plastiki kabla ya kuiharibu dhahabu hiyo.

Kimraba hicho si chipu. Chipu imejificha chini yake, kipande cha silikoni chenye upana wa milimita chache tu, na ndani yake mna kumbukumbu, hesabu na siri moja ambayo haijawahi kutoka nje.

Wajua chipu ya kadi ina umri gani? Mfaransa Roland Moreno, mzaliwa wa Cairo, alisajili hataza yake mwaka 1974. Kufikia 1992 kadi zote za benki nchini Ufaransa zilikuwa na chipu. Mwaka huo benki ya NMB ilikuwa bado haijazaliwa. Ilitoka tumboni mwa NBC mwaka 1997.

Na kwa nini Ufaransa ikatangulia? Sababu kubwa ni gharama ya simu. Mwenye duka alipotaka kuiuliza benki kama kadi ni nzima, ilimbidi apige simu, na simu kule ilikuwa ghali. Chipu iliweza kuikagua namba ya siri palepale dukani bila kumpigia mtu. Marekani simu zilikuwa rahisi, mashine ya dukani ikawa inaiuliza benki kila mara, na wakubwa wa benki wakaona hawana haja ya kubadilisha kitu. Waliokuwa na mtandao mzuri ndio waliochelewa zaidi. Mtu wa Songwa aliyewahi kusimama kaunta huku mashine ya kadi inazunguka kutafuta mtandao atashangaa kusikia kwamba teknolojia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya shida kama yake, halafu ikamfikia miongo kadhaa baadaye.

Mstari mweusi wa nyuma ya kadi ulibandikwa kwanza kwa pasi ya nguo. Mhandisi wa IBM, Forrest Parry, alikuwa akihangaika na gundi mwanzoni mwa miaka ya 1960, utepe wa sumaku ukigoma kushika vizuri kwenye plastiki. Mkewe Dorothea alikuwa anapiga pasi. Akamwambia ajaribu kuuyeyushia hapo. Ukashika.

Je, wajua mstari huo umeandikwa nini? Namba ya kadi, jina lako, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu chache za ukaguzi. Maneno hayo hayabadiliki tangu kadi inatoka kiwandani hadi inakatwa mkasi. Ni utepe wa sumaku kama ule wa kaseti, na aliyewahi kurekodi kaseti ya bendi kutoka kaseti ya jirani anajua jinsi nakala ilivyo rahisi kupatikana. Mwizi hubandika kidude chembamba kwenye mdomo wa ATM na kamera ndogo juu ya vitufe. Kidude kinaunakili mstari, kamera inanakili namba ya siri, na jioni plastiki tupu inageuzwa kuwa kadi yako. Wewe kadi yako ya halali iko mfukoni. Hujaibiwa chochote unachoweza kukishika, na ndiyo maana wengi hugundua siku ya mshahara.

Chipu hainakiliki hivyo. Haitoi siri yake kwa mtu. Mashine huipa swali, nayo hujibu kwa hesabu iliyotiwa siri ile ndani kwa ndani. Kila muamala una jibu lake. Mwizi akinakili jibu la leo, kesho benki itauliza swali jingine. Chipu pia huhesabu miamala yake, na inaweza kuhesabu mara ulizokosea namba ya siri na kujifunga. Mstari hauhesabu kitu.

Viwango vya pamoja vya chipu huitwa EMV, herufi za mwanzo za Europay, Mastercard na Visa, walioanza kuviandika katikati ya miaka ya 1990.

Uingereza iliwalazimisha wateja kutumia namba ya siri badala ya sahihi tarehe 14 Februari 2006. Siku ya wapendanao, ndiyo.

Marekani ilisubiri hadi Oktoba 2015, na haikuhama kwa hiari. Mwishoni mwa 2013, msimu wa manunuzi ya Krismasi, wezi walipenya kwenye kompyuta za maduka ya Target na kuondoka na taarifa za kadi takribani milioni 40. Mlango waliopitia ulikuwa wa mkandarasi wa majokofu na viyoyozi. Taarifa zilizonakiliwa za kadi za mstari ziliweza kutengenezewa kadi bandia. Kadi za chipu zingekuwa ngumu zaidi kufojiwa. Kuanzia Oktoba 2015 kanuni ya kampuni za kadi ikawa hivi: kati ya benki na duka, asiyekuwa na chipu ndiye atakayebeba hasara ya kadi bandia. Maduka yakanunua mashine. Vituo vya mafuta vililalamika kwamba kufumua pampu ni gharama, vikapewa hadi 2017, kisha 2020, kisha Aprili 2021.

Hapo ndipo ulipo ufunguo wa ucheleweshaji wote, na mimi sioni mwingine unaoufikia. Hasara ilikuwa ya mmoja na gharama ya dawa ilikuwa ya mwingine. Benki ndiyo iliyofidia, mwenye duka ndiye aliyetakiwa kununua mashine, na mteja ndiye aliyepaswa kuelekezwa upya. Hakuna aliyeamka asubuhi akitaka kuanza.

Kenya, mabenki yalihama kwa pamoja chini ya umoja wao, KBA, mwaka 2013 na 2014. Kwetu Tanzania wateja wengi walianza kubadilishiwa kadi ndani ya miaka hiyohiyo ya 2010, benki moja baada ya nyingine.

Lakini je, wajua kwamba chipu ilikuwa imefika Usukumani zamani, kabla mabenki hayajaanza kubadilisha kadi? Iliingia kwa jina la laini. Laini ya simu ni ukoo mmoja na kadi ya chipu: ina siri yake ndani, huulizwa swali na mtandao, hujibu kwa hesabu. Za kwanza zilitengenezwa na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Munich mwaka 1991 kwa ajili ya mtandao wa Radiolinja wa Finland, nazo zilikuwa na ukubwa uleule wa kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 54 hivi. Zimekuwa zikikatwakatwa tangu hapo. Vodacom ilipoanza Tanzania mwaka 2000, kila aliyenunua laini alinunua chipu. Kwa miaka mingi mchimbaji wa Nyarugusu mwenye kitochi alikuwa na kinga bora mfukoni kuliko meneja wa mgodi aliyechanja kadi ya mstari hotelini Mwanza.

M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania Aprili 2008. Leo Watanzania wanaotumia pesa za simu ni wengi mara kadhaa kuliko wenye akaunti benki. Ukienda Maganzo, pale nje ya mgodi wa almasi wa Mwadui, utawahesabu mawakala mpaka uchoke kabla hujaiona ATM. Mwenye karasha la kusaga mawe anamlipa kijana wa kuyasukuma kwa simu. Mwenye duara la kuchimba anamtumia mama ada ya shule kwa simu. Kadi ya benki kwao ni kitu cha mwajiriwa wa serikali.

Hata hivyo, usiisifu simu kupita kiasi. Kenya, M-Pesa ilianzia kwenye menyu iliyokaa ndani ya laini yenyewe, na chipu ya laini ikaifumba namba ya siri kabla haijaondoka. Sisi tunapiga *150*00# au ndugu zake. Njia hiyo hutegemea ulinzi wa mtandao tu. Chipu iliyo ndani ya laini haitumwi kuifumba namba yako ya siri. Kifaa kizuri tunacho, ila kazi hatukukipa yote.

Nani Afrika aliwahi kutumia chipu bila kusubiri mtandao? Ghana, nchi nyingine ya dhahabu. Kadi ya e-zwich, iliyozinduliwa 2008, ilitumia chipu na alama ya kidole, na iliweza kufanya muamala mashine ikiwa haina mawasiliano kabisa. Teknolojia yake ilitoka kwa kampuni ya Net1 ya Afrika Kusini.

Chipu nayo ina nyufa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walionyesha kwamba kifaa kidogo kikiwekwa kati ya kadi iliyoibwa na mashine kinaweza kuidanganya mashine kuwa namba ya siri ni sahihi. Mwaka mmoja baadaye wezi huko Ufaransa walikuwa wamekwisha kukifinyaza kifaa hicho kikaenea juu ya chipu yenyewe.

Ufa mkubwa zaidi ni mstari mweusi, ambao bado uko nyuma ya kadi hiyohiyo yenye chipu. Uliachwa ili kadi ifanye kazi penye mashine kuukuu. Chipu ikiharibika, au mtu akiiharibu makusudi, mashine nyingine zitakuomba uchanje. Umefunga mlango wa mbele kwa kufuli la kisasa, wa uani ukauegemeza kwa ufagio.

Zile tarakimu 3 zilizochapwa nyuma ya kadi hazimo kwenye mstari; za ukaguzi zilizomo humo ni nyingine. Ndiyo maana tovuti huziuliza, na ndiyo maana hupaswi kuipiga picha kadi yako na kuituma WhatsApp, hata kwa shemeji.

Namba ya siri ina tarakimu 4 kwa sababu ya mke mwingine. John Shepherd-Barron, ambaye ATM yake ilifunguliwa benki ya Barclays huko Enfield, London, tarehe 27 Juni 1967, alisimulia kwamba alitaka tarakimu 6. Mkewe Caroline akamwambia yeye anakumbuka 4 tu. Zinatoa michanganyiko 10,000, na bado ulimwengu mzima unaipenda 1234 kuliko zote.

Na sasa jambo ambalo hakuna mhandisi aliyelitengenezea dawa. Je, wajua kwamba kadi nyingi za walimu, wauguzi na askari hapa nchini hazilali nyumbani kwao? Ziko kwenye droo ya mkopeshaji. Ndiyo mikopo inayoitwa kausha damu: unachukua laki tatu, unaacha kadi na namba ya siri kama rehani. Siku mshahara unaposoma, mkopeshaji au kijana wake anaingia kwenye foleni ya ATM akiwa na rundo la kadi zilizofungwa kwa mpira, anachomeka moja baada ya nyingine, anachukua chake, na mwenye kadi anapigiwa simu aje achukue kilichobaki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa mwaka 2018 ili wakopeshaji hawa wasajiliwe na wasimamiwe, na viongozi wamekemea mchezo huo mara nyingi majukwaani. Kadi bado ziko drooni. Chipu inathibitisha kadi ni halali, namba ya siri ni sahihi, benki inaridhika. Kila kitu kimefanya kazi sawasawa na mwalimu amebaki na elfu arobaini.

Kwa wakala ni vivyo hivyo kwa sura ya upole. Bibi anampa kijana wa dukani kadi, kisha anamtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia, kwa kuwa vitufe ni vidogo na macho hayaoni.

Wezi wamesoma mabadiliko haya haraka kuliko mabenki. Kufoji kadi kumekuwa kazi ngumu, kwa hiyo wanamfoji mtu. Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" huenda ndio maandishi ya Kiswahili yaliyosambaa kuliko yote nchini, na bado unapata wateja, hasa siku ambazo kweli kuna mtu unamdai au unadaiwa. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao muda wake wa mwisho ulisogezwa kutoka Desemba 2019 hadi 20 Januari 2020, ulilenga kuwabana. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda ukaitolee taarifa kwa mtoa huduma. Ujumbe wa kitapeli unatumwa 15040.

Mstari mweusi utakufa lini? Mastercard ilitangaza mwaka 2021 kwamba kuanzia 2029 haitatolewa kadi mpya yenye mstari, na kufikia 2033 hakutabaki hata moja yenye nembo yake. Kama kadi yako ina nembo hiyo, igeuze uitazame tarehe ya mwisho. Ikiwa ni 2027 au 2028, itakayofuata inaweza bado kuja na mstari, na hiyo huenda ikawa ya mwisho utakayochanja.